Ndege ya Saa Moja na Nusu Inayokula Siku Nzima

Iulize simu yako umbali wa Sumbawanga hadi Dar es Salaam kwa ndege, itakujibu bila kusita: kilomita 846 hivi, saa moja na nusu angani. Hesabu hiyo ni sahihi. Ukinyoosha mstari kutoka uwanja wa Sumbawanga hadi uwanja wa Julius Nyerere, urefu ndio huo, na ndege ya mapangaboi inayobeba abiria sabini na kitu huumaliza kwa muda kama huo.

Shida ni kwamba mstari hauuzwi. Kinachouzwa ni tiketi, na mtu wa Ufipa anayehitaji kuwa Dar wiki hii hanunui kilomita za hewani. Ananunua saa, kuanzia anapofunga mlango wa nyumba yake Chanji au Majengo hadi anapogonga mlango anaoendea Kariakoo au Muhimbili. Saa hizo zina bei, na bei yenyewe imefichwa sehemu nyingi.

Tuanze na uwanja wetu wenyewe, maana ndio unaowapoteza wengi. Uwanja wa Sumbawanga ni mmoja wa viwanja vinne vilivyowekwa kwenye mpango wa kuboreshwa kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, pamoja na Kigoma, Tabora na Shinyanga. Kwa miaka mingi ulikuwa wa changarawe. Mradi ni wa kuuwekea lami, njia ya kurukia yenye mita 1,750. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi: ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka, au ipunguziwe uzito. Kwa hiyo hata siku utakapoona ratiba yenye jina la Sumbawanga, tegemea mapangaboi, na uulize mapema kuhusu kilo za mzigo.

Tovuti za kukokotoa umbali hazijali hayo. Zina herufi tatu za kila kiwanja, zinapima, zinakupa muda. Zinaweza kukupa muda wa safari kati ya viwanja viwili ambavyo siku hiyo hakuna ndege hata moja inayoviunganisha. Kabla hujamwambia bosi kwamba kesho mchana utakuwa mjini, fungua ukurasa wa kununua tiketi, weka tarehe yako halisi, uone kama kuna kiti kinachouzwa. Kisipokuwepo, umbali wa hewani haukuhusu.

Ndiyo maana Mfipa aliyezoea safari za ndege huwa na viwanja viwili vingine: Songwe na Mpanda.

Songwe kwanza. Jina lisikuchanganye: kiwanja kiko mkoa wa Mbeya, kama kilomita 20 na kitu magharibi mwa jiji, hakiko kwenye mkoa wa Songwe uliozaliwa 2016. Kwenye tovuti nyingi utakikuta kwa jina la Mbeya. Kilianza kupokea ndege mwishoni mwa 2012 na kina njia ndefu ya lami, ndiyo maana hata jeti zinatua. Kutoka hapo hadi Dar ni kilomita 690 hivi kwa mstari wa hewani, saa moja na dakika kadhaa.

Lakini kwanza ufike. Sumbawanga hadi Tunduma ni kilomita 223, barabara iliyowekwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, kwa mkataba uliosainiwa 2008. Wanaoikumbuka kabla ya hapo, kwenye tope la Machi, hawahitaji kuelezwa thamani yake. Kutoka Tunduma hadi kiwanjani ongeza kilomita 80 na ushee. Jumla ni kama 305. Kwa basi, ukihesabu kusimama Laela, foleni ya malori Tunduma na abiria wa Vwawa na Mlowo, weka saa sita. Ukipanga saa nne na nusu kwa sababu ramani imesema hivyo, utaikimbilia ndege ukiwa na jasho.

Tufanye hesabu. Bei za ndege, gesti na teksi nitakazotaja hapa ni za mfano, wewe weka za siku yako. Nauli za basi ninazikokotoa kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, vilivyotangazwa Desemba 2023: shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya lami kwa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati.

Basi la kawaida kutoka Sumbawanga hadi njia panda ya kiwanja: kama 15,000, na ukitozwa nauli ya kufika Mbeya mjini, kama 16,000. Tuchukue 16,000. Tiketi ya ndege, tuseme umebahatika kupata ya 280,000. Bodaboda ya kukupeleka stendi ya Katumba alfajiri, 3,000. Chai na chakula ukisubiri, 10,000. Teksi kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi mjini, 30,000. Hiyo ni 339,000, na bado hujarudi nyumbani.

Saa je? Ukitoka saa 12 asubuhi, saa 6 mchana uko Songwe. Ndege ikiwa saa 9 alasiri, saa 10 na dakika ishirini umetua. Toa mzigo, ingia kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, saa 12 jioni uko mjini. Umetumia saa kumi na mbili kamili, siku imekwisha, ila usiku unalala kitandani.

Sasa basi la moja kwa moja. Kwa barabara, Sumbawanga hadi Dar ni kama kilomita 1,150: Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa, Morogoro. Kikomo cha mwendo cha basi ni kilomita 80 kwa saa, na mabasi yana kifaa cha kuripoti mwendo, kwa hiyo dereva hawezi kukufanyia miujiza. Gawanya mwenyewe: saa 14 na zaidi kama gari lisingesimama popote. Lakini litasimama. Mizani, vijiji vya kilomita 50 kwa saa, mlima Kitonga, Mikumi ambako wanyama wana haki ya njia, chakula, vyoo. Weka saa 20, na usishangae zikifika 22.

Daraja la kati: 1,150 mara 67.84 ni kama 78,000. Chakula njiani 15,000, bodaboda 3,000, na usafiri kutoka stendi ya Mbezi hadi mjini 5,000 kwa asiye na mizigo. Jumla 101,000, mlango kwa mlango saa 22.

Weka hesabu mbili pamoja. Kwa ndege ya alasiri umeokoa saa kumi na umelipa 238,000 zaidi. Yaani kila saa uliyookoa umeinunua kwa 23,800. Kama saa yako moja Dar inakuingizia fedha hiyo, au mgonjwa wako hawezi kukaa kwenye kiti usiku kucha, panda ndege bila kujilaumu. Kama huendi kwa haraka hiyo, fedha hiyo ni mbolea ya shamba zima.

Hapo nimekupa ndege ya alasiri, ambayo ndiyo nzuri. Sasa angalia ya asubuhi.

Ndege ikiondoka Songwe saa 3 asubuhi, hakuna basi la siku hiyohiyo litakalokufikisha. Unatoka Sumbawanga jana yake, tuseme saa 6 mchana. Saa 12 jioni uko Mbalizi. Unalipa gesti 25,000, unakula, asubuhi unalipa pikipiki. Unatua Dar saa 4 na kitu, mjini saa 6 mchana. Umetumia saa 24 na kama 374,000.

Jirani yako aliyepanda basi Katumba saa ileile ya saa 6 mchana ameshuka Mbezi saa 2 asubuhi. Saa 4 yuko Kariakoo anachagua vitenge. Amekutangulia kwa saa mbili, na mfukoni ana 273,000 ambazo wewe huna. Ndiyo sababu nasema muda wa kuruka usikupumbaze. Swali la kwanza kwa wakala wa ndege liwe saa ya kuondoka, kisha ndipo uulize bei.

Jambo hili halikuwa hivi zamani. Kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kutembea usiku wa manane, na abiria wa Rukwa alikuwa akilala njiani kwa lazima. Tangu Oktoba 2023 LATRA inaruhusu safari za saa 24, na hilo limebadilisha hesabu ya ndege ya asubuhi kabisa. Kabla ya hapo gesti ilikuwa gharama ya wote wawili.

Usiku una mambo yake, lakini. Safari inayozidi saa nane inatakiwa kuwa na dereva wa pili. Uliza kwenye ofisi ya tiketi, na ukipanda mwangalie kwa macho. Na baridi: atokaye Ufipa hujiona mzoefu wa baridi, kisha basi linapita Makambako saa 8 usiku mwezi wa Julai na dirisha la mbele yako halifungi. Shuka zito ni bei ndogo kuliko dawa ya kifua.

Daraja la kawaida au la kati? Kwa kilomita 1,150 tofauti ni kama 22,000. Kawaida ni kama 55,700, kati ni 78,000. Kwa saa 20, unalipa kama 1,100 kila saa kwa nafasi ya magoti na kiti kinachoegemea. Mtu mzima mwenye mgongo, mama mwenye mtoto, au anayeshuka moja kwa moja kwenda kazini, alipe. Kijana anayekwenda kuanza chuo na ana muda wa kulala akifika, achukue la kawaida, zile 22,000 zimlishe siku kadhaa.

Ila hakikisha unachokilipia. Daraja linatakiwa lionekane kwenye tiketi, halifuati rangi ya basi wala picha iliyobandikwa ofisini. Wapo wanaouza bei ya daraja la kati, gari likaja la kawaida, na konda akakuambia lile lingine limeharibika. Kabla ya kupanda, dai tofauti yako. Ukishapanda na gari likaondoka, unaidai hewa.

Nauli hizo za LATRA ni ukomo wa juu. Haziruhusiwi kuzidi, lakini hakuna anayekatazwa kushusha. Miezi mikavu ya biashara, Februari au Mei, mabasi yanaondoka na viti vitupu, na ofisi mbili zinazotazamana pale stendi zitakupunguzia ukionyesha uko tayari kuvuka kwenda ya pili. Desemba usijaribu. Desemba kazi yako ni kuhakikisha huuziwi juu ya kiwango. Toa simu, zidisha kilomita kwa 48.47, mwonyeshe. Mara nyingi kikokotoo kinatosha.

Gharama ya basi inayouma wengi ni mzigo. Kanuni inampa mtu mzima kilo 20 bila malipo, na hapo ndipo maneno huanza. Nimesimama Katumba nikitazama mama mmoja na gunia lake la maharage, limeshonwa vizuri kwa kamba ya katani, juu limeandikwa jina kwa makaa. Konda akalinyanyua kidogo, akaliacha lidondoke. "Mama, hili la kulipia. Elfu kumi." Mama hakubishana. "Mwanangu, leta mzani." Mzani ukachelewa kupatikana, ukapatikana. Kilo 31. "Zangu ishirini ziko wapi?" Konda akacheka, wakamalizana kwa 4,000, na mama akataka iandikwe kwenye risiti. Hiyo risiti ndiyo iliyokuwa na maana kuliko punguzo, kwa sababu mzigo usio na risiti ukipotea Mbezi hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo pima nyumbani au kwa muuza nafaka jirani. Magunia mawili usiyapeleke kwa basi kabisa. Malori yanayoshuka na mahindi Dar hubeba mzigo wa kuongezea kwa bei ndogo, ukiwa na mtu wa kuupokea. Kwenye ndege mambo ni makali zaidi. Begi la kawaida huwa kilo 23, tiketi za bei ya chini sana pengine hazina hata hilo, na kila kilo inayozidi inalipiwa palepale kaunta, kwa bei ya mwenye haraka. Debe la asali na migebuka mikavu uliyobebea wakwe, uliza kabla. Harufu na vimiminika vina sheria zake.

Tukiwa bado kwenye ndege: bei unayoona kwanza siyo utakayolipa. Juu yake huja VAT na ada ya huduma za kiwanja, kisha makato ya kulipa kwa simu. Ukinunua kupitia tovuti ya kati, angalia visanduku vilivyokwishawekewa alama, vya bima na vya kuchagua kiti, viondoe. Ukinunua kwa wakala wa mjini, mwulize anachukua kiasi gani, mwambie akionyeshe peke yake.

Halafu soma sharti moja tu, hata kama mengine huyasomi: kubadili tarehe ni shilingi ngapi? Tiketi ya bei rahisi kabisa kwa kawaida ndiyo inayotoza zaidi ukichelewa, na wewe unategemea basi lililopita Tunduma. Foleni ya malori ya mpaka wa Zambia haijui ndege yako. Songwe nako kuna siku za ukungu ambapo ndege inachelewa au inarudi ilikotoka. Mwenye miadi ya asubuhi Dar asifike siku hiyohiyo kwa njia yoyote ile. Fika jana yake.

Mpanda sasa, kwa ufupi. Ni kilomita 240 hivi kaskazini, lami, unapita ndani ya Hifadhi ya Katavi. Nauli ya basi la kawaida ni chini ya 12,000. Kiwanja kipo, lakini kwa hewani Mpanda iko mbali zaidi na Dar kuliko Sumbawanga yenyewe, karibu kilomita 900. Ndege zake ni chache kuliko za Songwe. Kwa mtu wa Sumbawanga mjini, Mpanda ni ya kukimbilia pale Songwe kumejaa. Kwa mtu wa Nkasi ni tofauti: kutoka Namanyere, Mpanda ni jirani kuliko Songwe, na aiangalie kwanza.

Kuna wanaochanga gari. Watu wanne, gari dogo hadi Songwe, wanafika kwa saa nne na nusu hivi na wanaweza kuwahi hata ndege ya mchana. Jaribu, lakini kumbuka gari linarudi tupu na mafuta ya kurudi ni yako pia. Gari la lita moja kwa kilomita kumi litakunywa kama lita 60 kwenda na kurudi. Zidisha kwa bei ya lita leo, ongeza ya dereva, gawanya kwa wanne. Mkiwa wawili, acheni.

Reli ya TAZARA ina wapenzi wake na nawaelewa. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi inapita Mbeya na Tunduma, ina kitanda, ina nafasi ya kunyoosha miguu, na mizigo haigombaniwi. Kwa ratiba, Dar hadi Mbeya ni kama siku nzima na usiku wake. Ongeza basi la saa sita. Lakini treni haiondoki kila siku, inachelewa kwa saa nyingi, na kuna vipindi huduma ya abiria imesimama kabisa. Familia yenye watoto, likizo, hakuna miadi: piga simu stesheni, kama inatembea, nunua. Mwenye barua ya usaili asiiguse.

Vijana wananiuliza kuhusu treni ya kisasa, ile ya umeme iliyoanza 2024. Nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Morogoro ilitangazwa 13,000, hadi Dodoma 31,000, na kwa wanaoishi kwenye njia ile ni ukombozi. Kwa Mfipa haijafika. Wazo la kushuka basi Morogoro ili umalizie kwa treni linapendeza mpaka uhesabu: umelipia kiti cha basi hadi Dar tayari, unahama na mabegi kutoka Msamvu, na treni inaweza kuwa imejaa. Ukiwa umekata tiketi ya basi inayoishia Morogoro, na ya treni umeshalipa, na foleni ya Kibaha inakutisha, haya. Wengine bakini kwenye kiti chenu.

Kuna swali ambalo ningependa liulizwe kabla ya yote: lazima iwe Dar?

Wengi wanaokwenda Dar kwa matibabu wangehudumiwa Mbeya, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Ni kilomita 328 badala ya 1,150. Nauli ya kawaida kama 16,000, na ndugu anaweza kuja kukuona na kurudi. Mwombe daktari wa Sumbawanga aandike rufaa ya Mbeya kwanza kama ugonjwa unaruhusu. Kama Mbeya hawana kipimo hicho, wao ndio watakaokupeleka mbele, ukiwa umeshalala na ukiwa karibu na Songwe. Hapo ndege ina maana, kwa sababu zile saa sita za barabara umeshazitoa.

Wafanyabiashara wadogo vilevile. Bidhaa ya Kariakoo ni rahisi ukiinunua kule, lakini weka juu yake 101,000 za kwenda, 101,000 za kurudi, chakula, kulala, na siku za duka kufungwa. Kama mzigo wako ni wa laki tano, umeongeza asilimia arobaini kabla hujauza kitu. Mwanjelwa ya Mbeya au Tunduma bei iko juu kidogo kwa kila kipande na jumla iko chini. Kariakoo inaanza kulipa pale mtaji unapofika milioni kadhaa, au pale wenzako watatu wanapokupa orodha zao uwanunulie na mchango wa nauli juu.

Kwa anayeondoka wiki hii, basi, ningeshauri hivi. Huna haraka ya siku moja: daraja la kati, la moja kwa moja, linaloondoka mchana ili uingie Mbezi kukiwa kumekucha. Basi linaloingia Mbezi saa 8 usiku linakuachia kuchagua kati ya kulala kwenye benchi la stendi na teksi ya bei ya usiku, na hiyo teksi inameza tofauti yote uliyookoa kwenye nauli. Una haraka ya kweli: ndege ya alasiri ya Songwe, basi la kwanza la asubuhi, begi moja. Ukipata ya asubuhi tu, panda basi.

Usikubali gari "linalounganisha" Mbeya kama hujaelezwa vizuri. Unauziwa tiketi ya Dar, ukifika Mbeya unafaulishwa kwenye gari jingine, kiti chako cha dirishani kinakuwa cha nyuma juu ya tairi, na buti ni jipya kwa hiyo mzigo unadaiwa tena. Ukiambiwa kuna kuunganisha, kata tiketi mbili mwenyewe. Nauli inahesabiwa kwa kilomita, kwa hiyo kuikata vipande viwili hakutakiwi kukuongezea kitu, na Mbeya utachagua gari unaloliona kwa macho.

Lipa kwa njia inayoacha alama: namba ya malipo ya kampuni, siyo namba binafsi ya kijana wa stendi. Tiketi iwe na jina lako, namba ya kiti, namba ya gari, saa ya kuripoti na kiasi ulicholipa. Kiasi hicho kikiwa kidogo kuliko fedha iliyotoka mkononi mwako, mtu amekula katikati, na wakati wa kumrudisha dirishani ni huohuo kabla hujaondoka.

Tiketi ya kurudi usiikate Sumbawanga ukiwa na shughuli isiyojulikana mwisho wake, hospitali hasa. Ikate ukiwa Dar siku mbili kabla, pale Mbezi kwenye ofisi yenyewe. Isipokuwa Desemba na wiki ya shule kufunguliwa: hapo kata kwenda na kurudi kwa pamoja, na uiweke ya kurudi kwenye begi la mkononi, lisiloingia kwenye buti.